Kutoka "neno hili" hadi "maneno haya"

Katika kitivo cha lugha tumezoea kugawana dunia na wenzetu wa sayansi: wao wachukue mashine, sisi tuchukue maneno. Mwanafunzi wa isimu akiona kompyuta inakawia, huita mtu wa kompyuta. Mtu huyo akikosekana, tunalaumu intaneti, umeme, au nchi nzima. Mimi pia nimekulia katika desturi hiyo. Lakini kazi ya kamusi imenifundisha kwamba kuna ugonjwa mmoja wa mashine ambao dawa yake iko upande wetu, kwa sababu ni ugonjwa wa namna ya kuuliza. Nataka kuueleza hapa kwa wanafunzi wenzangu na kwa walimu wetu, kwa maneno ya kawaida, maana wengi wetu tutakutana nao siku tutakapoanza kuweka ndani ya kompyuta maneno, hadithi na methali tulizokusanya.

Nianze na kazi yenyewe. Niko katika kundi dogo la vijana wa Lubumbashi wanaokusanya maneno ya Kiswahili cha mji wetu. Si kwamba hakuna aliyeyaandika kabla yetu. Edgar Polomé aliandika juu ya Kiswahili cha Lubumbashi tangu miaka ya 1960, na mwaka 2014 Aurelia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa walitoa kitabu chenye sarufi, matini na msamiati wake. Sisi tunafanya kazi ndogo zaidi. Tunachukua neno kama bukari, sombe, munkoyo, bulongo au matabishi, tunaandika ngeli yake, komini tulipolisikia, na mifano ya sentensi kama ilivyotoka midomoni mwa watu. Kila Jumamosi wazee watatu au wanne kutoka Katuba, Kenya na Kamalondo huja kwenye chumba tunachokopeshwa. Tunawafungulia ukurasa wa maneno, nao wanasema: hili sawa, hili si hivi, hili tulilisikia kwa baba zetu katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière, siku hizi hakuna anayelisema.

Ukurasa wa kamusi hii haukai tayari mahali fulani kama karatasi iliyochapwa. Unatengenezwa kila mara mtu anapouomba. Programu hupokea ombi, kwa mfano "nipe maneno 50 ya kwanza ya herufi M", kisha huenda kuuliza hifadhidata, hupanga majibu, na kumpa msomaji ukurasa wake. Hifadhidata yenyewe ni majedwali. Aliyewahi kufanya kazi na fishi za karatasi ataelewa haraka: sanduku moja ni la fishi za maneno, la pili la ngeli, la tatu la komini, la nne la mifano. Kila fishi ya neno ina namba yake, na kila fishi ya mfano inabeba namba ya neno lake. Namba hizo ndizo kamba zinazofunga masanduku pamoja.

Programu niliikuta imekwisha kuandikwa na kijana mmoja ambaye sasa anafanya kazi mji mwingine. Wakati aliiandika, programu na hifadhidata vilikaa ndani ya kompyuta moja, na ukurasa ulifunguka mara moja. Baadaye umeme ulikatika ghafla mara nyingi mno, na kundi likaogopa kupoteza maneno. Likaamua kuhamishia hifadhidata kwenye mashine ya kukodi huko Ufaransa, ambako umeme haukatiki ovyo. Programu ikabaki Lubumbashi. Uamuzi ulikuwa wa busara, maana tangu siku hiyo maneno ya wazee yako salama. Lakini tangu siku hiyo pia, ukurasa mmoja wa maneno 50 ulianza kuchukua nusu dakika kufunguka.

Mtu anayesoma peke yake nyumbani anaweza kuvumilia nusu dakika. Siku ya Jumamosi ni jambo lingine. Chumba chetu kinategemea jenereta, na petroli tunainunua kwa mchango. Intaneti inatoka kwenye simu ya mmoja wetu, na mega zake tunazilipa pamoja. Mzee akirekebisha neno moja, ukurasa hufunguka upya: nusu dakika nyingine. Masahihisho 40 ni dakika 20 za kutazama kioo kitupu, huku jenereta ikinguruma nje.

Nkambo mmoja wa Katuba, mwenye umri uliopita miaka 70, alitazama kioo hicho siku moja akauliza: "Mwanangu, hii mashini iko nafikiri ao iko nalala?" Tulicheka sote. Jumamosi iliyofuata hakuja. Mwanawe alituambia kwa adabu kwamba mzee ana kazi shambani. Tulielewa. Nkambo huyo ni mmoja wa watu wachache tunaowajua wanaokumbuka jinsi wazazi wao walivyosema kambini, na hatuwezi kumwambia mtu wa umri huo kwamba atungoje miaka mitano tutafute pesa za mashine bora.

Kundi lilikutana. Mmoja alitaka tununue mega nyingi zaidi. Mwingine alitaka tuombe msaada wa kununua kifaa cha intaneti ya setilaiti. Wa tatu, dada yetu anayetunza hazina, alisema turudi kwenye madaftari, kwa sababu daftari halihitaji petroli. Hoja yake ilikuwa na nguvu kuliko zote. Mimi niliomba wiki moja, nisome programu inafanya nini katika ile nusu dakika.

Jambo la kwanza nililojifunza ni tofauti kati ya upana wa njia na urefu wa njia. Kununua intaneti kubwa zaidi ni kupanua njia: mizigo mingi hupita kwa pamoja. Lakini njia ikipanuliwa, Ufaransa haisogei karibu. Kutoka Lubumbashi hadi Paris ni kama kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Ndani ya nyuzi za kioo za mawasiliano, mwanga hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo swali kwenda na jibu kurudi, kilomita 14,000, haliwezi kuchukua chini ya sehemu 7 za mia za sekunde, hata kama njia ingenyooka kabisa. Nyuzi hazinyooki hivyo, zinazunguka nchi na bahari, na kila kituo njiani kinaongeza chake. Nilipopima kutoka chumba chetu, safari moja ya kwenda na kurudi ilichukua kama sehemu 2 za kumi za sekunde. Ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho mara mbili. Peke yake hausumbui mtu.

Basi kwa nini nusu dakika? Programu yetu imeandikwa kwa kutumia Django, na Django inaweza kuonyesha kila swali inalopeleka kwenye hifadhidata. Niliwasha maandishi hayo, nikafungua ukurasa mmoja wa herufi M, nikasoma. Nilitegemea kuona maswali matatu au manne. Niliona mistari 151.

Mtu wa kompyuta angeona takwimu. Mimi, mwanafunzi wa lugha, niliona kitu nilichokijua tangu shule ya sekondari: zoezi la kubadilisha neno moja ndani ya sentensi. Mstari wa kwanza uliuliza: nipe maneno 50 ya herufi M. Kisha: nipe ngeli ya neno namba 1. Nipe komini ya neno namba 1. Nipe mifano ya neno namba 1. Nipe ngeli ya neno namba 2. Nipe komini ya neno namba 2. Nipe mifano ya neno namba 2. Hivyo hivyo hadi neno la 50. Swali moja la mwanzo, na maswali matatu kwa kila neno: 1 na 150, jumla 151. Zidisha kwa sehemu 2 za kumi za sekunde, utapata sekunde 30. Hesabu ilikubaliana na saa ya ukutani. Intaneti yetu haikuwa mgonjwa. Ilitumwa Ufaransa mara 151 kuleta ukurasa mmoja.

Wataalamu huuita ugonjwa huu "N na moja": swali moja la kuleta orodha, na maswali N kwa vitu N vilivyomo. Haba na haba hujaza kibaba, nasi tunaisema methali hiyo kusifu akiba. Hapa kibaba kilikuwa cha kungoja.

Nilijiuliza jinsi mambo haya yalivyoweza kujificha. Jibu liko ndani ya sarufi ya programu. Katika programu, kuonyesha ngeli ya neno kunaandikwa kama umiliki wa kawaida: neno, nukta, ngeli. Ni kama kihusishi chetu cha -a: ngeli ya neno, mifano ya neno. Anayesoma haoni tendo lolote. Anaona kitu na mwenye kitu. Lakini nyuma ya nukta ile kuna kitenzi kilichojificha: nenda, uliza, rudi. Django haileti ngeli mpaka itajwe, na ikitajwa ndani ya mzunguko unaopita neno baada ya neno, safari inarudiwa kila mara. Programu na hifadhidata vilipokaa nyumba moja, safari ile ilikuwa kutoka chumba hadi chumba. Hata watengenezaji wa SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya programu yenyewe, wanaeleza kwamba kwao maswali mengi madogo si tatizo, kwa sababu hakuna safari ya mtandao. Aliyeandika programu yetu aliandika vema kwa nyumba aliyoijua. Nyumba ndiyo iliyohama, na namna ya kuuliza haikuhama nayo.

Nilipowaeleza wenzangu, nilitumia mfano wa kazi tunayoijua sote. Morris Swadesh alitengeneza orodha za maneno ya msingi za kulinganishia lugha, na ile fupi ina maneno 100. Fikiri mwanafunzi anayepewa orodha hiyo aende kumwuliza mzee Katuba. Anapanda basi, anafika, anapiga hodi, anasalimu, anauliza neno la "jicho". Anaandika jibu, anaaga, anapanda basi kurudi chuoni, analiweka mezani. Kisha anapanda basi tena kwenda kuuliza neno la "sikio". Hakuna mwalimu wa kitivo hiki ambaye angeikubali kazi hiyo, na hakuna mzee ambaye angefungua mlango mara ya tatu. Sote tunajua kinachotakiwa: nenda na orodha, keti, uliza yote, shukuru, rudi. Kuuliza si ujinga, lakini kuna adabu ya kuuliza, na adabu hiyo ni kutunza muda wa anayejibu na wa anayengoja.

Hapa ndipo nilipotaka kujua lugha ya maswali haya ilitoka wapi. Mwaka 1970, Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM, alitoa makala iliyopendekeza kwamba data ziwekwe katika majedwali na kuulizwa kwa makundi. Mtu asiiambie mashine ipite njia gani, atoke fishi hii aende fishi ile. Aseme tu anataka kitu cha namna gani, mashine itafute njia yenyewe. Mwaka 1974, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao wa IBM, walieleza lugha ya kuulizia majedwali hayo waliyoiita SEQUEL. Jina lilifupishwa baadaye kuwa SQL, na mwaka 1986 ikawa lugha ya kawaida iliyokubaliwa rasmi Marekani. Sentensi yake ya msingi ina sehemu tatu ambazo mwanafunzi wa sintaksia hatazishangaa: chagua nini, kutoka jedwali gani, kwa sharti gani.

Jambo la maana ni kwamba lugha hii ilizaliwa kwa ajili ya wingi. Jibu lake la kawaida ni kundi la mistari, hata kama kundi hilo lina mstari mmoja tu. Programu yetu ilikuwa ikiisemesha kwa umoja mara 150: neno hili, neno hili, neno hili. Dawa haikuwa mashine mpya. Ilikuwa kubadilisha upatanisho: badala ya "mifano ya neno hili", kuuliza "mifano ya maneno haya".

Dawa yenyewe ina namna mbili, na inafaa kuzitenganisha. Namna ya kwanza ni kuunganisha. Kila neno katika kamusi yetu lina ngeli moja na komini moja. Kwa hiyo unaweza kuomba jedwali la maneno, la ngeli na la komini yaunganishwe kwa namba zao, na kila mstari wa jibu uje umekamilika: neno, ngeli yake, komini yake. Mistari ni 50, swali ni moja. Django ina amri ya kazi hiyo, select_related. Namna ya pili ni kukusanya. Mifano ni mingi kwa kila neno, basi programu inasubiri ipate namba za maneno yote 50, kisha inauliza mara moja: nipe mifano yote ambayo namba ya neno lake ni mojawapo ya hizi. Majibu yakifika, programu inayagawa yenyewe, kila mfano chini ya neno lake, hapa hapa Lubumbashi bila kusafiri. Amri ya namna hii ni prefetch_related. Maswali yote kwa pamoja: mawili.

Mabadiliko katika programu yalikuwa mstari mmoja. Nasema hivyo bila kujisifu, maana mstari huo ulichukua siku nne kuuelewa na dakika moja kuuandika. Safari 151 zikawa 2, na muda wa maswali ukashuka kutoka sekunde 30 hadi chini ya nusu sekunde.

Mwenzetu mmoja, alipoona hivyo, aliuliza kwa haki: kama mawili ni bora kuliko 151, kwa nini lisiwe moja? Tuunganishe na mifano pia, tumalize. Tulijaribu, na jaribio hilo linafundisha. Ukiunganisha neno na mifano yake 6, neno hilo linarudi katika mistari 6, na kila mara limebeba ngeli yake, komini yake na maelezo yake yote. Tuna pia rekodi za sauti. Neno lenye mifano 6 na rekodi 4, vikiunganishwa vyote katika swali moja, linaleta mistari 24, kwa sababu kila mfano unakutanishwa na kila rekodi. Safari ni moja, lakini mzigo ni mkubwa, umejaa marudio, na mega zinalipwa kwa mzigo. Ni kama mwanafunzi yule yule, safari hii akimwomba mzee arudie hadithi nzima kwa kila neno lililomo ndani yake. Kwa hiyo kanuni tuliyobaki nayo ni hii: kilicho kimoja kwa kila neno, kiunganishe, kilicho kingi, kikusanye kwa swali lake. Rekodi zikihitajika zitakuwa swali la tatu, nalo haliumizi mtu. Kinachotakiwa ni kwamba idadi ya maswali isikue pamoja na idadi ya maneno. Ukurasa wa maneno 50 na ukurasa wa maneno 200 vyote viulize maswali mawili.

Kuna mambo mengine mawili tuliyoyagusa njiani. La kwanza ni faharasa. Neno hili tunalijua kutoka vitabuni: kurasa za mwisho zinazokuambia jambo fulani liko ukurasa gani, usipekue kitabu kizima. Hifadhidata nazo zina faharasa zao, zimepangwa kwa utaratibu kama kamusi. Zinasaidia sana ukitafuta mwanzo wa neno, lakini faharasa ya kawaida haina msaada ukitafuta kipande cha katikati. Kwa Kiswahili hilo ni tatizo letu hasa, kwa kuwa moyo wa kitenzi umezungukwa na viambishi: anayetafuta -pend- atalikuta katikati ya ninapenda, tulipendana, hawapendwi. Tulichofanya ni kuandika mzizi katika nafasi yake mwenyewe na kuuwekea faharasa. Kwa kamusi ndogo kama yetu mashine haikusikia tofauti kubwa, lakini watafutaji waliisikia, kwa sababu sasa wanapata vitenzi vya mzizi mmoja vikiwa pamoja. Uchambuzi wa mofolojia, kazi tunayodhani ni ya mtihani tu, ulipanga sanduku la mashine.

La pili ni akiba. Orodha ya ngeli haibadiliki kila siku, wala orodha ya komini. Hakuna sababu ya kwenda kuiuliza Ufaransa kila asubuhi, basi programu inaiuliza mara moja na kuikumbuka. Lakini maneno yenyewe tulikataa kuyaweka katika akiba siku za Jumamosi. Mzee akisahihisha neno, kisha akarudi kwenye ukurasa na kuona kosa lile lile bado liko, atadhani hatukumsikiliza. Kasi inayopatikana kwa kumwonyesha mzee jibu la jana si kasi tunayoitaka.

Nirudi kwenye lile la petroli. Jumamosi ya kwanza baada ya mabadiliko, masahihisho 40 hayakutuchukua dakika 20 za kungoja. Hayakufika hata dakika moja. Muda uliobaki uliingia katika mazungumzo, na mazungumzo ndiyo yanayoleta maneno. Siku hiyo mama mmoja wa Kamalondo na papa mmoja wa Kenya walibishana karibu saa nzima kama wingi wa lupango unatumika kweli au watu wanasema tu "lupango mbili". Tuliandika mifano yote miwili na komini zake. Wiki mbili baadaye, dada yetu wa hazina alimpelekea Nkambo wa Katuba ujumbe kwamba mashine imeamka, akaja. Hakusifu. Alitazama ukurasa ukifunguka, akasema, "Sasa iko najibu mbio," kisha akaanza kutafuta makosa yetu. Aliyapata saba.

Sitaki kudai kwamba matatizo yetu yote ya intaneti ni matatizo ya maswali. Umeme unakatika kweli. Mega ni ghali kweli kwa mwanafunzi anayechagua kati ya mega na nauli. Lakini kwa sababu matatizo hayo ni ya kweli, tunayalaumu hata pale ambapo hayakuhusika, na tunaacha kutazama yaliyo mikononi mwetu. Kundi letu lilikaribia kukusanya pesa za setilaiti ili kuipanua njia iliyokuwa inapitwa na mjumbe mmoja mara 151. Kifaa kingefika, tungekilipia kila mwezi, na sehemu kubwa ya nusu dakika ile ingebaki pale pale.

Kuna pia swali la nani anayelipa. Programu inayouliza ovyo haimsumbui sana aliye karibu na mashine kubwa, kwa sababu kwake safari ni fupi. Akiijaribu anaona iko sawa. Uzito wote unamwangukia aliye mbali: msomaji wa Likasi, wa Kalemie, wa kijiji chenye mnara mmoja wa simu. Hivyo anayeandika kurasa za lugha zetu, zitakazosomwa na watu wetu, asizipime mezani kwake tu. Azipime akiwa mbali. Na kabla ya kupima kwa saa, ahesabu maswali, kwa sababu saa hubadilika kufuatana na intaneti ya siku hiyo, lakini hesabu ya maswali haibadiliki. Sisi sasa tunaiandika ukutani, kwa chaki, karibu na orodha ya michango: ukurasa wa herufi, 2, ukurasa wa neno moja, 3, ukurasa wa kutafuta, 2. Anayebadilisha programu anatakiwa kuhesabu upya, na namba ikipanda lazima aeleze sababu.

Wanafunzi wenzangu huniuliza kama sasa nimehama kitivo. Sijahama. Nilichofanya wiki ile ni kusoma sentensi 151, kuona muundo unaojirudia, kutambua mahali ambapo umoja ulitumika panapotakiwa wingi, na kupendekeza sentensi bora. Kazi hiyo nimefundishwa hapa. Mtu wa kompyuta angeifanya haraka kuliko mimi, bila shaka. Lakini katika kundi letu hakuwepo, na katika makundi mengi yanayokusanya lugha za Kongo hayupo, wala hatakuwepo kesho asubuhi. Aliyepo ni mwanafunzi wa lugha, mwenye daftari lake, anayejua kusoma sentensi na kuuliza kwa nini imeandikwa hivyo. Wiki hii tunaanza herufi N.